Plazima, Hali ya Maada Iliyoijaza Mbingu

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha kutimia kwa miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la chuma ambalo Waitaliano walikuwa wamelisimamisha baharini katika Ghuba ya Ungwana, mkabala wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nayo imebeba chombo chenye uzito wa kilo 140 hivi ambacho Wamarekani, kwa kuiheshimu siku hiyo na nchi iliyowakaribisha, walikipa jina la Uhuru. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa pwani yake. Chombo kirushwacho karibu na mstari wa Ikweta huongezewa mwendo na mzunguko wa dunia yenyewe, na tena kikishafika juu hukaa mbali na zile sehemu za anga zilizosheheni chembe kali ziwezazo kuviharibu vipimo vyake. Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta miale ya eksirei itokayo mbinguni, ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini. Na kwa muda wa miaka miwili na ushei, hata ulipoingia mwezi wa Machi 1973, kikijizungusha taratibu mara moja kila baada ya dakika kumi na mbili, kiliwawezesha wanafalaki kuorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo.

Baadhi ya vyanzo hivyo vilikuwa nyota pacha, moja ikiinyonya ya pili. Lakini vingine havikuwa nyota kabisa. Katika makundi ya galaksi, kama lile la Perseus na lile la Coma, miale ilionekana ikitoka katika uwazi ulio baina ya galaksi na galaksi, mahali ambapo kwa darubini za kawaida za falaki palionekana pakavu hapana kitu. Vipimo vya Uhuru na vya vyombo vilivyofuata vikadhihirisha kwamba uwazi huo umejaa kitu chenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, tena chepesi mno hata mita moja ya ujazo haina zaidi ya chembe elfu moja hivi, ilhali mita moja ya ujazo ya hewa tuivutayo ina chembe ambazo hesabu yake huandikwa kwa tarakimu ishirini na sita. Na pamoja na wepesi huo, kwa vile mahali penyewe ni papana kupita kiasi, uzito wake ukijumlishwa huushinda uzito wa nyota zote za galaksi hizo. Kitu hicho si yabisi, si kioevu, wala si gesi kwa maana ya gesi tuijuayo. Ni plazima.

Vitabu vingi vya shule vingali vikimfunza mtoto kwamba maada ina hali tatu, yabisi, kioevu na gesi, na vile vyenye ukarimu zaidi huongeza mstari mmoja mwishoni mwa sura kwamba iko na ya nne, iitwayo plazima, ambayo baadhi ya wataalamu wetu wameiita utegili, kisha sura ikafungwa. Kuiweka plazima mkiani namna hiyo kuna kasoro kubwa, kwa kuwa wanafalaki hukadiria kwamba zaidi ya asilimia 99 ya maada ya kawaida ionekanayo ulimwenguni, yaani jua, na nyota, na sehemu kubwa ya yaliyomo baina yao, imo katika hali hiyo. Na mawe, na bahari, na hewa, na miili yetu wenyewe, ndiyo mambo yaliyo haba. Mwanafunzi hufunzwa yaliyo nadra, akaachwa asijue yaliyo ya kawaida. Wala isidhaniwe kwamba plazima hii ina nasaba na ile plazima ya damu izungumzwayo hospitalini. Zimeshirikiana jina tu.

Kuielewa si kazi ngumu, alimradi mtu akubali kuanza na barafu. Barafu ikitiwa moto, chembe zake zilizokuwa zimeshikana mahali pamoja hulegea zikawa maji. Maji yakizidi kuchemka, chembe huachana kabisa zikawa mvuke. Hapo ndipo somo la shule linapokoma, ilhali moto haujakoma. Mvuke ukiendelea kupashwa hata ukapita nyuzi elfu mbili na elfu tatu, chembe za maji zenyewe hupasuka zikarejea kuwa haidrojeni na oksijeni. Na joto likipanda hata likakaribia nyuzi elfu kumi na kuzipita, atomu nazo, kwa kugongana kwa kasi isiyo na huruma, huanza kung'oana elektroni. Kila atomu ina kiini chenye chaji chanya na elektroni zenye chaji hasi zinazokizunguka, na maadamu chaji hizo zimelingana, atomu haioneshi umeme wowote kwa nje. Lakini elektroni ikishang'oka, atomu iliyosalia huwa ayoni yenye chaji chanya, na elektroni hubaki huru ikizurura peke yake. Mchanganyiko huo wa ayoni na elektroni, ambao ukiutazama kwa jumla chaji zake zimesawazika, lakini ukiutazama kwa ndani kila chembe ina umeme wake, ndio plazima.

Tofauti itokeayo hapo ni kubwa kuliko ile iliyo baina ya maji na mvuke. Gesi haipitishi umeme. Plazima huupitisha, na ikiwa na joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi huupitisha vizuri kuliko waya wa shaba. Gesi haiijali sumaku. Plazima huvutwa nayo, hupindishwa nayo, hata huweza kufungwa nayo pasipo ukuta. Zaidi ya hayo, katika gesi chembe haina habari na chembe nyingine ila zikigongana, na zikiisha kugongana kila moja hushika njia yake. Bali katika plazima, kwa kuwa nguvu ya umeme hufika mbali, kila chembe huwagusa maelfu ya wenziwe kwa wakati mmoja, hata ikawa kama jarife lililotandwa majini, ambalo ukilivuta jicho moja tu yote hutikisika. Tabia hiyo ya kutenda kwa jamaa ndiyo iliyo asili ya plazima, nami naiona kuwa ni muhimu kuliko joto lenyewe, ingawa wengi wakiitaja plazima huanza na kumaliza na joto.

Miongoni mwa waliotangulia kuitangaza hali ya nne mbele ya watu alikuwa Mwingereza William Crookes, katika mhadhara alioutoa mjini Sheffield mwaka 1879. Alikuwa na vibomba vya kioo ambavyo hewa yake ilikwisha kunyonywa ikabaki takriban sehemu moja katika milioni, na kila mwisho wa kibomba umetiwa kipande cha madini kilichoungwa na umeme mkali. Ndani ya kimojawapo aliweka msalaba wa alumini, na alipowasha umeme kivuli cha msalaba kikaanguka juu ya kioo kilichong'aa rangi ya kijani. Ndani ya kingine aliweka gurudumu jepesi lenye mapezi, nalo likajiviringisha kana kwamba lapulizwa. Na alipokurubisha sumaku, mwale ulipinda. Crookes akahukumu kwamba ameiona maada iliyovuka mpaka wa gesi. Hukumu yake haikuwa barabara, kwa sababu kile alichokiona kikipiga mbio ndani ya kioo kilikuwa elektroni tupu, jambo lililodhihirishwa na J. J. Thomson huko Cambridge mwaka 1897. Lakini alielekeza kidole upande uliokuwa sawa, na si haba.

Jina lilipatikana baadaye, mwaka 1928, kwa Mmarekani Irving Langmuir, mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni ya General Electric mjini Schenectady, katika jimbo la New York. Kampuni ilitaka taa zinazodumu na swichi zisizoungua. Langmuir, katika kuyatafuta hayo, alijishughulisha na nuru itokayo katika mvuke wa zebaki upitishwapo umeme, na yeye na mwenzake Lewi Tonks wakagundua kwamba elektroni za mvuke huo, zikisukumwa kidogo upande mmoja, hurudi zote pamoja, zikapita kiasi, zikarudi tena, zikawa zinayumba kwa mapigo ya kasi isiyobadilika ambayo hutegemea wingi wa elektroni peke yake. Mapigo hayo tutayarejea, kwani yana jambo kubwa na redio. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1932, lakini si kwa plazima. Alipewa kwa kazi yake ya kikemia kuhusu nyuso za vitu.

Asiyekuwa na maabara kama ya Schenectady na aende dukani au darasani kulikofungwa taa ya tyubu, ingawa taa za LED, ambazo hazina plazima ndani yake, zinaifukuza tyubu mwaka hata mwaka. Ukibonyeza swichi, ile stata ndogo iliyo ubavuni hulia. Ncha mbili za tyubu huwaka wekundu kidogo, kwani huko kuna nyuzi za madini zipashwazo moto ili zitoe elektroni. Kisha stata ikajikata, na choki, ambayo ni koili ya waya iliyozungushiwa chuma, ikachukizwa na kukatika huko ikatupa msukumo mmoja wa volti nyingi kutoka ncha hata ncha. Pengine msukumo wa kwanza haufui dafu, taa ikapepesa mara mbili tatu, hasa umeme ukiwa hafifu. Ukifaulu, gesi ya agoni iliyomo, pamoja na mvuke mchache wa zebaki, huwa plazima kwa urefu wa tyubu nzima. Nuru itokayo kwa zebaki aghalabu haionekani kwa jicho, kwa kuwa ni miale ya urujuanimno. Ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo ndio unaoipokea na kuigeuza kuwa nuru tuionayo. Na tyubu ikizeeka, ncha zake huwa nyeusi, ndio madini ya zile nyuzi yaliyopeperuka na kuganda kiooni.

Sasa weka mkono juu ya tyubu hiyo inayowaka. Hutaungua, utaona uvuguvugu tu, na hali elektroni zilizomo ndani zina joto la nyuzi elfu kumi na zaidi. Hii si hadaa. Ndani ya tyubu gesi ni nyembamba, haifiki hata sehemu moja katika mia ya kanieneo ya hewa ya nje, na elektroni ni nyepesi mno zikilinganishwa na atomu, hata zikizigonga hudunda tu, zisiweze kuzigawia joto lao. Kwa hiyo katika chombo kimoja wanakaa wenyeji wa namna mbili, elektroni zenye joto la kuyeyusha kila kitu na atomu zenye joto la mchana wa Februari, na wote hao ni plazima moja. Ndiyo maana nikasema kwamba joto si asili ya jambo hili. Asili yake ni kufunguliwa kwa elektroni, na joto ni ufunguo mmojawapo tu. Umeme ni wa pili, na miale ya jua ni wa tatu.

Fundi wa kuchomelea mageti anautumia ufunguo wa umeme mchana kutwa. Hukibana kijiti katika koleo lake, kebo ya pili akaifunga kwenye chuma, kisha hukikwangua kijiti juu ya chuma na kukiinua upesi, kadiri ya unene wa kijiti chenyewe. Akichelewa kitanasa, akikiinua kupita kiasi mwale utazimika. Hewa na mvuke wa chuma uliopo katika upenyo huo mdogo hugeuka plazima ya nyuzi elfu sita na zaidi, yaani joto la uso wa jua au kulipita, ikapitisha ampea mia moja kwa volti ishirini na kitu tu. Mwale huo nao hutoa urujuanimno, na hapana unga wa kuupokea, ndipo wale vijana wanaosimama kandoni kutazama pasipo kinga hulala macho yakiwawasha na kutiririka machozi hadi alfajiri.

Radi ni mwale uo huo, isipokuwa mpaji wake ni wingu. Njia ipitayo umeme ni nyembamba, unene wa sentimita chache, lakini kwa sehemu ndogo ya nukta joto lake hufika nyuzi 30,000, mara tano ya uso wa jua. Hewa iliyoshtukizwa na joto hilo hutanuka kwa kishindo, na kishindo chenyewe ndiyo ngurumo. Sisi wa Afrika Mashariki na Kati tuna fungu letu kubwa la plazima hii. Milima ya mashariki ya Kongo iliyo karibu na Ziwa Kivu ni miongoni mwa mahali papigwapo radi zaidi kuliko pote duniani. Nyanda za juu za Kisii sifa yao ni hiyo hiyo. Na juu ya Ziwa Viktoria dhoruba hupanda hasa usiku, pepo za kutoka nchi kavu za kila upande zinapokutana katikati ya maji yenye uvuguvugu, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wamewasha karabai zao.

Na moto wa kuni je? Watu huuliza, na jibu la haki ni kwamba si plazima kamili. Zimo ndani yake ayoni na elektroni chache, za kutosha kuufanya ulimi wa moto uyumbe ukikurubishwa umeme mkali, lakini idadi yao ni haba mno. Mwanga wake wa manjano watoka katika masizi yaliyopata moto, basi.

Tuje sasa kwenye redio. Tarehe 12 Desemba, siku iyo hiyo lakini ya mwaka 1901, Mtaliani Guglielmo Marconi kwa kauli yake mwenyewe alipokea huko St. John's, katika Newfoundland, ishara iliyorushwa kutoka Poldhu, kusini magharibi ya Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wanahisabati walitatizika, kwa kuwa mawimbi ya redio huenda moja kwa moja na dunia ni mviringo, ikawapasa yapotelee angani. Mwaka uliofuata Arthur Kennelly kwa upande wake, na Oliver Heaviside kwa upande wake, wakatoa rai kwamba juu ya anga liko tabaka lipitishalo umeme, ambalo huyarudisha mawimbi chini; na mwaka 1924 Edward Appleton akalithibitisha kwa vipimo, kazi iliyompatia tuzo ya Nobel mwaka 1947. Tabaka hilo, ambalo kwa kweli ni matabaka kadhaa yaliyopandana kuanzia kilomita 60 hivi hata kupita 300, ni plazima iliyofanywa na jua, ambalo miale yake ya urujuanimno na ya eksirei hung'oa elektroni katika hewa nyembamba ya juu.

Hapa ndipo yale mapigo ya Langmuir yanapoingia. Wimbi la redio likifika katika plazima huzitikisa elektroni. Ikiwa mtikiso wa wimbi ni wa polepole kuliko mapigo ya asili ya plazima yenyewe, elektroni huwahi kuufuata na kulirudisha wimbi lilikotoka. Ikiwa ni wa haraka kuyapita, elektroni haziwahi, na wimbi hupenya likaenda zake. Adhuhuri, tabaka la juu lina takriban elektroni milioni milioni moja katika kila mita ya ujazo, na mapigo ya wingi huo ni milioni tisa kwa nukta. Kwa hiyo mawimbi ya masafa mafupi, yaliyo katika kadiri hiyo, na hata yaliyozidi kidogo ikiwa yamerushwa kwa kulala, hudunda na kurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka; na mawimbi ya FM, ambayo mtikiso wake ni karibu milioni mia kwa nukta, hutoboa na kutokomea, ndiyo sababu stesheni ya FM haisikiki ng'ambo ya upeo wa macho na hulazimika kusimika minara vilimani.

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza kutangaza kutoka London mwaka 1957, plazima hiyo ndiyo iliyokuwa mbeba sauti wake. Waliozipata zama za redio za masafa mafupi wanakumbuka jinsi mtangazaji alivyotaja mita bendi, 19 au 25 kwa mchana, 31 au 49 kwa usiku, pasipo kueleza kwa nini. Na sababu ni kwamba jua likizama elektroni hupungua, mapigo ya tabaka yakashuka, na wimbi la mtikiso wa haraka lililokuwa likirudi mchana sasa hupenya, ikabidi litumiwe la mtikiso wa polepole zaidi. Wanakumbuka vile vile kwamba usiku, katika masafa ya kati, ziliingia stesheni za nchi za mbali ambazo mchana hazikusikika asilani. Kosa la mchana ni la tabaka la chini kabisa, lililoko baina ya kilomita 60 na 90: huko hewa ingali nzito kiasi, hata elektroni inayotikiswa na wimbi haimalizi mtikiso wake ila imeigonga chembe ya hewa na kuipa nguvu yote, na wimbi likafa njiani. Likichwa jua, elektroni za hapo hurudi kwa ayoni zao upesi, tabaka likatoweka, na njia ya kwenda juu ikafunguka.

Jua lenyewe ni plazima karibu lote, la nyuzi 5,500 usoni na milioni 15 moyoni. Kwamba tunajua limefanywa na nini ni fadhila ya watu wawili wasiotajwa inavyostahili. Wa kwanza ni Meghnad Saha, mtoto wa kijiji cha karibu na Dhaka, ambaye mwaka 1920 aliandika kanuni ya kukadiria ni atomu ngapi katika gesi zitakuwa zimepotelewa na elektroni kwa joto fulani na kanieneo fulani. Wa pili ni Cecilia Payne, Mwingereza aliyekuwa akisoma Harvard, ambaye mwaka 1925 aliichukua kanuni hiyo, akaisoma nayo nuru ya nyota, akaona kwamba nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa kabisa, wala si vitu vya namna ya ardhi yetu kama walivyoitakidi wakubwa wake. Mkubwa wao, Henry Norris Russell, akamwambia kwamba jambo hilo haliwezekani, na binti wa watu akalazimika kuandika katika tasnifu yake kwamba matokeo yake mwenyewe yumkini si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell aliyafikia yale yale kwa njia nyingine, akakiri.

Kutoka jua hilo plazima haikomi kuvuma. Eugene Parker alilisema jambo hilo mwaka 1958, na wakaguzi wawili wakaikataa makala yake; mhariri, ambaye alikuwa Subrahmanyan Chandrasekhar, hakuona kosa katika hesabu zake, akaichapisha kwa amri yake. Leo upepo huo umepimwa mara zisizohesabika: husafiri kilomita mia nne hivi kwa nukta, hutufikia kwa muda wa siku nne, na ukija kwa ghadhabu hutikisa usumaku wa dunia hata ukazalisha umeme usiotakiwa katika nyaya ndefu, kama ilivyotokea Quebec, Kanada, tarehe 13 Machi 1989, watu milioni sita walipokaa gizani kwa muda wa saa tisa. Chombo cha Marekani kilichopewa jina la Parker kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka uso wa jua tarehe 24 Desemba 2024, na hakuna chombo kingine cha binadamu kilichopata kulikaribia jua kiasi hicho.

Limesalia lile ambalo magazeti hulipenda kuliko yote, nalo ni kuiga duniani kazi ya moyo wa jua, yaani kuunganisha viini vya haidrojeni ili vitoe nguvu. Warusi walibuni kwa ajili hiyo chombo cha duara kiitwacho tokamaki, ambacho sumaku zake huizungusha plazima pasipo kuigusisha ukutani. Watu hudhani sumaku zimewekwa ili ukuta usiyeyuke. Hofu kubwa zaidi ni kinyume chake, kwani plazima ni nyembamba mno, na ikigusa ukuta hupoa na kufa yenyewe. Mwaka 2023 tokamaki ya JET, huko Uingereza, ilitoa megajuli 69 kwa nukta tano, ambazo kwa kipimo cha mita ya nyumbani ni uniti 19. Mwaka mmoja kabla yake, mwezi wa Desemba 2022, maabara ya NIF huko California iliipiga tembe ndogo ya haidrojeni kwa leza za megajuli 2.05 ikapata megajuli 3.15, na ulimwengu ukashangilia, kwa haki, kwa kuwa jambo hilo halikuwahi kufanyika. Lakini hizo 3.15 hazitimizi uniti moja, na leza zenyewe zilikuwa zimevuta katika gridi kiasi cha uniti 80.

Mtambo mkubwa kuliko yote wa namna hii, ITER, unaojengwa kusini ya Ufaransa na Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, Uchina, Uhindi, Japani na Korea Kusini, wenyewe walitangaza mwaka 2024 kwamba hautaanza utafiti kabla ya mwaka 2034, wala kuchoma mafuta yake kamili kabla ya 2039. Na hata hapo haukukusudiwa kuzalisha umeme, bali kuonesha tu kwamba yawezekana. Basi msomaji akisikia tangazo la kampuni yoyote kwamba plazima imekwisha kufugwa na umeme wa bure uko njiani, na aulize swali moja kabla ya kutoa fedha yake au ya umma: uniti ngapi zimeingia katika jengo zima, na ngapi zimetoka.